Bibi Harusi Ndani ya Tenga

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe unayenyonya kidole kitoe, usije ukakimeza tukifika mtoni.

Hapo kale, siku zile kuku alikuwa bado hajahamia kwa binadamu na fisi alikuwa bado anaalikwa harusini, katika bonde la mto Kihani aliishi kindi mmoja jike, jina lake Mashavu. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuonekana na mashavu matupu. Kila ulipomkuta alikuwa na karanga mbili upande huu na tatu upande ule, na ukimsalimia ilibidi umngoje kwanza atafune ndipo aitike.

Nyumba yake ilikuwa juu ya mfenesi. Chini ya mfenesi huo, katikati ya mikonge, aliishi kuku aitwaye Mwanamkuu. Hawa wawili walikuwa mashoga wa kuombana chumvi na kupigiana hodi bila sababu. Mwanamkuu alipoanza kuatamia mayai yake kumi, Mashavu ndiye aliyemletea mtama, na maji ndani ya kifuu cha nazi, maana kuku anayeatamia hatoki. Na shukrani aliyoipata ilikuwa kudonolewa. Akinyoosha mkono kupanga nyasi, anadonolewa. Akiuliza hali, anavimbishiwa manyoya. Mashavu hakununa. Alijua kwamba yule hakuwa shoga yake aliyekuwa akimdonoa, bali mama aliye kazini.

Siku ya ishirini na moja vifaranga wakaanza kutoka. Jua lilipopanda kidogo walikuwa wamekwisha kuwa tisa, wamelowa, wanayumba, wanasinzia wakiwa wamesimama. Yai la kumi lilikuwa na tundu dogo tu, na ndani yake mdomo mdogo ulikuwa ukigonga, ta, ta, ta, halafu unapumzika, halafu tena, ta, ta.

Mashavu alifurahi mno, akapanda mbio juu ya mfenesi kwenda kuchukua mtama wa kusherehekea. Huko juu, kwenye tawi la mwisho, akasimama, na karanga zote zikamtoka mdomoni.

Milimani mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Sasa, mbali kule juu ya mto, maji ya rangi ya udongo yalikuwa yametoka kwenye kingo zake na yanashuka bondeni. Hayakuwa yakikimbia. Yalikuwa yakitembea, kama mtu mwenye uhakika kwamba atafika. Yalikuwa yameshaipita mikuyu ya juu. Mashavu akapima kwa macho: mikuyu, kisha kichuguu, kisha mikonge. Kabla ya alasiri kuisha yangekuwa hapa.

Akateremka akamweleza Mwanamkuu kila alichokiona. Akamsihi waondoke saa ile ile, wavuke mto ungali unavukika, wapande mpaka Mawe Saba wanakokaa akina pimbi, ambako maji hayajawahi kufika.

Mwanamkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Siondoki, shoga. Yuko mmoja bado mlangoni."

"Na hawa tisa?"

"Hawa tisa wako chini yangu. Na yule wa kumi yuko chini yangu. Nikisimama, nani yuko chini yangu?"

 Woga ulikuwa umemshika Mashavu, na mwenye woga mikono yake hutangulia. Akamnyakua kifaranga mmoja kwa mdomo, taratibu, kama vile makindi wanavyobeba watoto wao, akaanza kukimbia naye.

Kifaranga akapiga kelele, piu piu piu. Mwanamkuu akaruka, akamfuata mbio huku ametandaza mbawa. Mashavu akageuka, akatazama kiotani. Vifaranga wanane walikuwa wamebaki uchi wa joto, wanasukumana, wanatetemeka. Kando yao yai lilikuwa peke yake, na mdomo uliokuwa ukigonga ndani yake umenyamaza.

Hapo akakumbuka jambo ambalo hakulizungumza na mtu. Mwaka uliopita upepo ulipotaka kuvunja tawi la nyumba yake, aliwahamisha watoto wake mmoja mmoja kwa mdomo. Wanne walifika. Wa tano alikuwa peke yake kiotani tawi lilipokatika.

Akarudi. Akamweka kifaranga chini polepole, akapokea madono matatu ya kichwa bila kujitetea, akasubiri mpaka Mwanamkuu akae tena. Baada ya muda mrefu wakasikia, ta, ta. Wote wawili wakashusha pumzi.

"Hawa hawahamishwi mmoja mmoja," Mashavu akajisemea. "Wakienda, wanakwenda wote."

Manyunyu yakaanza kudondoka. Mashavu akavua kanga yake akamfunika shoga yake asilowe. Mara moja manyoya yaliyovimba yakalala. Sauti ya ukali ikashuka, ikawa ko, ko, ya usingizi. Mashavu akaifunua kidogo aone kuna nini: akadonolewa. Akaifunika tena: kimya. Akaifunua: akadonolewa. Akaifunika.

Basi, wanangu, ndipo Mashavu alipoelewa. Penye giza kuku huhesabu kwamba ni usiku, na usiku kuku hana ugomvi na mtu.

Akaleta tenga lake la kuwekea karanga. Ndani yake akatandika nyasi zile zile za kiotani, zenye harufu ya nyumbani. Kwa mkono mmoja ameshika kanga isifunuke, kwa mkono mwingine akalitia yai, akamsogeza mama juu yake, akawasukuma vifaranga mmoja mmoja chini ya mbawa. Akafunika tenga lote kwa kanga, akakaza fundo. Akamnong'oneza Mwanamkuu kwamba safari inaanza, na kwamba akisikia sauti yoyote nje, iwe ya nani, asiijibu.

"Nani atanibeba?" akauliza Mwanamkuu, amekwisha kulewa usingizi.

"Wenye mabega," akajibu Mashavu.

Kwanza akapita juu kwa juu, tawi hadi tawi, akavuka mto akafika Mawe Saba. Huko Bi Somoe, pimbi mwenye nyumba, alikuwa anachambua kunde. Mashavu akamwomba chumba cha ndani kabisa na chungu cha chakula cha wageni wawili wakubwa. Bi Somoe akauliza wageni ni akina nani. Alipoambiwa, akaziacha kunde akamtazama Mashavu kwa muda. Kisha akaongeza kuni.

Mashavu akarudi bondeni. Sasa mabega. Katika bonde lile wenye mabega walikuwa wawili, Makanja fisi na Bwana Chui, na wakati huo walikuwa wanacheza bao mbele ya pango la Makanja. Asubuhi ile ile, alipoyaona maji, Mashavu alikuwa amewapigia kelele kutoka mtini kwamba mto unafurika, nao wakamjibu kwamba mto Kihani haujavuka mikonge tangu enzi za babu zao. Kwa hiyo hakuwaambia tena habari za maji. Alichuma ua, akalichomeka sikioni, akawaendea kwa mwendo wa madaha kama mwenye shughuli.

Akawasalimu kwa heshima. Akasema ana mtihani, ana bibi harusi wa kupelekwa Mawe Saba leo hii, na wabebaji hawajafika.

"Bibi harusi wa nani?" akauliza Makanja, na masikio yake yakasimama, kwa sababu hakuna alichokipenda duniani kama harusi.

"Ni shoga yangu, Bwana Makanja. Amekaa ndani siku ishirini na moja, hatoki nje, chakula namletea mimi. Leo siku zake zimetimia. Anakwenda akiwa amefunikwa, hatakiwi kuona jua wala kuonwa na mtu mpaka afike."

Angalieni, wanangu, jinsi alivyosema. Ukiondoa hilo neno la harusi tu, yote yalikuwa kweli.

Chui akauliza huko Mawe Saba kuna nini cha kula. Mashavu akasema chungu kiko motoni, kunde za nazi. Chui akakunja pua, akasema yeye si mla kunde. Lakini Makanja alikuwa amekwisha kusimama anajikung'uta vumbi, anajilamba kucha zing'ae. Akamwambia mwenzake kwamba kuombwa kumbeba bibi harusi ni heshima, na kwamba atakayekataa ataulizwa na wake za watu kwa nini alikataa. Chui akainuka kwa uvivu.

Wakaleta mpiko, ule mti wa watu wawili wa kubebea mzigo mabegani, wakalining'iniza tenga katikati. Makanja mbele, Chui nyuma. Mashavu akakaa juu ya fundo la kanga ili alilinde. Akawaomba waende mwendo mmoja, tenga lisiyumbe.

Hawakufika mbali. Kutoka ndani ya tenga ikasikika, piu.

Makanja akasimama. "Nini hiyo?"

"Bibi harusi analia," Mashavu akasema. "Si anaacha nyumba aliyoizoea."

Makanja akatikisa kichwa kwa huruma. Akaanza kuwasimulia jinsi marehemu mke wake alivyolia siku aliyoletwa, kutwa nzima, na jinsi yeye alivyokaa mlangoni hajui la kufanya, mpaka akaenda kumtafutia mfupa. Kisha akageuza shingo kuelekea tengani, akasema kwa sauti laini kuliko alizowahi kuzitoa, "Nyamaza, dada. Utazoea."

Ndani kukawa kimya. Wakaendelea.

Njia ilipoanza kuteremka mtoni, upepo ukageuka, ukatoka mbele kwenda nyuma. Pua ya Chui ikacheza. Akavuta hewa mara moja, akavuta tena.

"Mashavu," akasema, "nasikia harufu ya kuku."

Mashavu akahisi mkia wake unasimama nywele moja moja. "Utaacha kusikia? Ndani mna manyoya ya kuku tele. Bibi harusi kayalalia."

"Nataka kuyaona hayo manyoya." Chui akashusha mpiko begani, akanyoosha mkono kwenye fundo.

Mashavu hakuweza kumzuia. Alikuwa mdogo kuliko ule mkono. Aliyemzuia alikuwa Makanja. Alikwisha kugeuka, amesimama kati ya Chui na tenga, na meno yake yalikuwa nje.

"Bibi harusi hafunuliwi njiani," akasema. "Huyu nimemwita dada. Ukimfunua yeye, umenivua nguo mimi."

Wakatazamana. Chui hakuwa anamwogopa fisi mmoja, ila hakupenda ugomvi kabla ya kula. Akarudisha mpiko begani, akasema kwa kunung'unika kwamba watu wa harusi wana mambo mengi.

Walipofika mtoni waliyakuta maji yamepanda. Mahali ambapo siku zote yalifika kwenye vifundo vya miguu, sasa yalikuwa yanafika kifuani, na vijiti na majani vilikuwa vinapita kwa kasi. Tenga likining'inia kwenye mpiko lingelowa lote. Chui akasema wasubiri maji yapungue. Mashavu akatazama juu ya mto, akajua kwamba maji hayo yangepungua kesho kutwa.

"Leta hapa," akasema Makanja. Akainama, wakamtwika tenga kichwani, akaingia majini peke yake. Chui akatangulia kuogelea, amekunja uso, maana hakupenda kulowa.

Maji yakafika tumboni kwa Makanja. Yakafika kifuani. Mashavu alikuwa ameng'ang'ania kanga kwa kucha zote. Walipokuwa katikati kabisa ya mto, yai la kumi likachagua saa hiyo kupasuka. Akalisikia waziwazi chini yake: ta, ta, kisha kwaruu. Kisha piu moja nyembamba, ya mtu anayeuliza yuko wapi. Na Mwanamkuu, ambaye alikuwa ameahidi kutojibu sauti yoyote, akamjibu mtoto wake. Ko, ko, ko.

Mashavu akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu. Chui alikuwa mbele, masikio yamejaa maji, hakugeuka.

Lakini Makanja alisimama. Katikati ya mto, maji yakimpiga ubavuni, fisi yule alisimama na tenga kichwani, masikio yake yakasogea kidogo, moja halafu la pili. Mashavu akafumba macho. Akawa anahesabu pumzi zake, na kwa kila pumzi alikuwa anangoja tenga lishushwe.

"Mashavu," akasema Makanja polepole.

"Naam."

"Ameshika vizuri humo ndani?"

"Ameshika, Bwana Makanja."

"Haya." Akaendelea kutembea, polepole kuliko mwanzo, shingo imenyooka wima, kila mguu akiupapasisha kwanza chini kabla ya kuukanyaga. Akapanda ng'ambo bila kumwaga hata unyasi mmoja.

Mawe Saba, mlango wa akina pimbi ulikuwa ufa mwembamba kati ya majabali mawili. Bi Somoe na watoto wake wakalivuta tenga kwa ndani, likapita likikwaruza pande zote mbili. Mashavu akaingia nyuma yake. Kule ndani, gizani, akafungua fundo. Hakumlazimisha mtu atoke. Akaweka tu mtama na maji karibu, akakaa kando, akangoja.

Mwanamkuu akanyoosha kichwa. Akatazama huku na huku. Akatoka tengani kwa heshima zake zote, akadona punje moja, akaona ni nzuri, akawaita watoto. Wakatoka wakianguka na kuinuka, kumi, na wa mwisho bado ana ganda mgongoni. Piu piu piu piu, nyumba nzima ikajaa.

Huko nje Chui akaacha kujikausha. "Hiyo," akasema, "si sauti ya bibi harusi."

Akaingiza mkono ufani mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akapata mawe. Akaingiza bega, likakataa. Mashavu akatokea mlangoni, mahali ambapo kucha hazifiki.

"Mashavu, umenibebesha kuku," akasema Chui.

"Ndiyo," akajibu Mashavu. "Na umembeba vizuri, Bwana Chui."

Chui akakaa chini akafikiri. Alifikiri juu ya kuku. Kisha akafikiri juu ya chui wenzake, na watakachosema wakisikia kwamba alimbeba kuku begani, na watoto wake kumi, akavuka mto, akamkabidhi nyumbani kwa pimbi. Akakohoa. Akasema kwamba yeye leo hakutoka nyumbani, na hakuna aliyemwona. Akaondoka zake juu ya mlima bila kugeuka.

Makanja alikuwa amekaa pembeni, mbele ya chungu cha kunde, anakula taratibu. Mashavu akamsogelea, si karibu sana.

"Ulijua," akamwambia.

"Kichwa changu kilikuwa chini yake. Nilisikia joto lao. Nikasikia na yule mdogo anavunja nyumba." Makanja akalamba mkono. "Bibi harusi mwenye watoto kumi, Mashavu."

"Basi kwa nini hukumshusha?"

Makanja akakoroga kunde zake, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo naye alikuwa anajiuliza. "Nilikuwa nimeshamwita dada," akasema. "Ningeanzia wapi kumla, katikati ya mto?"

 Mashavu akamwuliza kama angependa kuwaona, hata kwa mbali, kupitia ule ufa, maana kama si yeye wasingefika.

"Hapana," akasema Makanja haraka. "Usinionyeshe. Nikiwaona nitakuwa fisi tena."

Akamaliza kunde zake. Aliposimama, wakatazama wote wawili chini bondeni. Mikonge haikuonekana. Pango la Makanja halikuonekana, wala ule ubao wa bao mbele yake. Palikuwa na maji tu, ya rangi ya udongo, yametulia kama yaliyofika yalikokuwa yanakwenda. Makanja akayatazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Mashavu, akauliza kwa sauti ya chini kama huku milimani kuna pango la mtu wa kimo chake. Bi Somoe akamjibu kutoka ndani kwamba liko, zuri, kavu, upande wa pili wa mlima. Upande wa pili kabisa, akasisitiza. Makanja akacheka kile kicheko chake mnachokijua, akaenda zake.

Mashavu akarudi ndani. Mwanamkuu alikuwa amekwisha kukalia watoto wake kwenye kona, kumi wote, hakuna hata mguu uliobaki nje. Mashavu akanyoosha mkono kumtengenezea nyasi, akadonolewa. Akakaa palepale karibu naye, akatoa karanga mbili za mwisho, moja akaila, moja akamsogezea shoga yake.

Hadithi yangu naishusha hapa, wanangu, na funzo lake ni hili: ukitaka kumwokoa asiye na nguvu, mtazame kwanza ujue kinachomtuliza, ndipo utafute mabega ya kumbeba.